Upana wa Safu katika Jedwali: Jinsi Alama 100 Inavyoweza Kusomeka 10

Jedwali ni mojawapo ya vyombo vya msingi vya sayansi. Mwanafunzi apimaye mvua, mwalimu atoaye alama za mtihani na mganga atunzaye hesabu ya dawa, wote huandika matokeo yao katika safu. Kanuni ya jedwali ni nyepesi: maana ya namba hutokana na mahali ilipo. Namba 64 peke yake haisemi neno. Ikiwekwa chini ya kichwa "Kemia" na mbele ya jina la mwanafunzi, imekuwa habari. Kwa sababu hiyo, kosa lolote la mpangilio linalopeleka tarakimu mahali pasipo pake ni kosa la habari yenyewe, wala si la urembo wa ukurasa tu.

Siku hizi majedwali mengi ya shule huandikwa kwa kompyuta, kwa kutumia programu za uandishi kama vile Microsoft Word na LibreOffice Writer. Programu hizo hutengeneza jedwali kwa dakika moja. Lakini upana wa kila safu huamuliwa na programu yenyewe mpaka mtumiaji atoe amri iliyo wazi. Asiyejua jinsi programu inavyoamua atavuta mistari huku na huku kwa kipanya, na jedwali lililokaa vizuri leo litaharibika kesho neno moja likiongezwa. Makala haya yanaeleza hesabu iliyomo ndani ya kazi hiyo, kisha namna ya kuitumia.

Nafasi iliyopo katika ukurasa

Hesabu huanza na karatasi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Vipimo hivyo viliwekwa nchini Ujerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 vikawa kanuni ya kimataifa. Sehemu ya pembeni isiyoandikwa huitwa pambizo. Ikiwa pambizo ya kushoto ni milimita 25 na ya kulia ni milimita 25, basi upana uliobaki kwa maandishi ni:

210 − (25 + 25) = 160

Milimita 160 ndiyo mali yote ya jedwali. Safu moja ikiongezewa upana, nyingine hazina budi kupunguziwa, ama sivyo jedwali litavuka pambizo na safu ya mwisho itakatwa wakati wa kuchapa.

Wapiga chapa wa enzi za taipureta waliijua hesabu hii vema. Katika mashine nyingi kila herufi ilichukua upana uleule, na aina moja iliyoenea ilichapa herufi 10 katika kila inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo milimita 160 zilitosha herufi 63 hivi. Mpiga chapa alihesabu herufi za neno refu kuliko yote katika kila safu, akaongeza nafasi tupu za kutenganisha safu, akahakikisha kwamba jumla haizidi 63, ndipo akaweka vituo vya mashine. Hesabu hiyo haijapitwa na wakati. Imefichwa tu ndani ya kompyuta.

Upana wa kilichomo ndani ya kisanduku

Kila mahali safu inapokutana na mstari pana kisanduku kimoja cha kuandikia. Upana unaohitajika na kisanduku hutokana na mambo mawili: upana wa maandishi, na nafasi tupu iliyoachwa kati ya maandishi na mistari ya pembeni.

Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi. Katika kompyuta pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani milimita 0.353. Tofauti na taipureta, herufi za kompyuta kwa kawaida hazilingani kwa upana. Katika aina ya herufi iitwayo Times New Roman, herufi "m" ni pana karibu mara tatu kuliko "i". Tarakimu, hata hivyo, zimefanywa zilingane makusudi, ili mamoja yakae chini ya mamoja na makumi chini ya makumi. Kila tarakimu ya Times New Roman ina upana ulio nusu ya ukubwa wa herufi. Kwa ukubwa wa pointi 12, tarakimu moja huchukua pointi 6, yaani milimita 2.12.

Ama nafasi tupu ya pembeni, Word kwa kawaida huacha pointi 5.4 kila upande, yaani milimita 1.9. Pande mbili kwa pamoja ni milimita 3.8. Nafasi hii haionekani kwa macho kama kitu, na ndiyo maana wengi huisahau wanapokadiria upana wa safu.

Mfano wa jedwali la alama

Mwalimu ana darasa la wanafunzi 40. Anataka jedwali lenye safu 11: namba ya mwanafunzi, jina, masomo saba, jumla na wastani. Akiiachia programu igawe nafasi sawasawa, kila safu itapata 160 ÷ 11, yaani milimita 14.5. Mgawanyo huo ni wa haki kwa safu, lakini si wa haki kwa yaliyomo. Jina la mwanafunzi lenye herufi 25 litakunjwa mara tatu au nne, mstari wake utanenepa, na jedwali ambalo lingetosha kurasa mbili litachukua nne. Wakati huohuo, alama zenye tarakimu mbili zitakaa zimezungukwa na uwazi usio na kazi.

Mwalimu anapanga upya hivi:

Namba: milimita 10
Jina: milimita 54
Masomo saba, kila moja milimita 10: milimita 70
Jumla: milimita 13
Wastani: milimita 13
Jumla ya upana: milimita 160

Vichwa vya masomo, pamoja na "Jumla" na "Wastani", havitoshi katika safu nyembamba namna hiyo. Kwa hiyo anavisimamisha wima kwa amri ya kugeuza mwelekeo wa maandishi. Kisha anachagua upana usiobadilika, ili safu zisisogee tena. Jedwali linapendeza. Alama za tarakimu mbili zinahitaji milimita 4.2 za maandishi na milimita 3.8 za pembeni, jumla milimita 8.0. Safu ya milimita 10 inatosha na kusaza.

Lakini mwanafunzi mmoja amepata alama 100 katika Hisabati. Tarakimu tatu zinahitaji pointi 18, yaani milimita 6.35. Ukiongeza pande mbili, hesabu ni hii:

6.35 + 3.81 = 10.16

Safu ina milimita 10 tu. Kasoro yake ni milimita 0.16, ambayo ni kama unene wa karatasi moja na nusu ya kawaida. Programu, iliyokwisha kuamriwa isibadili upana, haina njia ila kuikata namba: "10" hubaki juu na "0" hushuka chini. Msomaji mwangalifu ataona tarakimu iliyoshuka. Msomaji mwenye haraka atasoma 10.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa mwalimu, kwa kutaka mistari yote ilingane, ameweka kimo kamili cha mstari mmoja wa maandishi. Hapo sifuri iliyoshuka haina pa kukaa, nayo hufichwa kabisa. Imo ndani ya faili, lakini haimo katika karatasi inayobandikwa ubaoni. Mwanafunzi aliyeongoza darasa anaonekana kuwa wa mwisho katika somo lake, na hakuna dalili yoyote ya kumtahadharisha anayesoma. Safu za jumla na wastani ndizo pekee ziwezazo kufichua kosa, kama yupo atakayejumlisha upya.

Dawa yake ni hesabu ileile. Kila safu ya somo ipewe milimita 11, yaani milimita 77 kwa masomo saba, na safu ya jina ipunguzwe hadi milimita 47:

10 + 47 + 77 + 13 + 13 = 160

Baadhi ya majina marefu sasa yatakunjwa kuwa mistari miwili, na hilo halina madhara. Jina lililokunjwa husomeka. Namba iliyokunjwa hudanganya. Basi kanuni ya kwanza ya kugawa upana ni kwamba safu za namba zitoshelezwe kwanza, kwa kupima namba ndefu kuliko zote inayoweza kutokea, si ile iliyopo leo. Kinachobaki ndicho kipewe safu za maneno.

Njia tatu za kuamua upana

Programu za uandishi zina njia tatu kuu za kuamua upana, na kila moja ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni upana usiobadilika. Mtumiaji hutaja upana wa kila safu kwa sentimita au milimita, na programu hutii hata maandishi yasipotosha. Njia hii hufaa fomu na majedwali ambayo kurasa zake zapaswa kufanana. Hatari yake imekwisha kuelezwa.

Njia ya pili ni upana unaofuata yaliyomo. Programu hupima maandishi na kuipanua safu ili neno au namba isikatwe, huku ikizipunguza safu nyingine. Alama 100 isingekatwa kwa njia hii. Hatari yake ni kwamba jedwali hubadilika kila linapoandikwa jambo jipya. Neno refu lisilokatika, kama vile anwani ya intaneti, laweza kuvuta safu moja hadi nyingine zibanwe mno.

Njia ya tatu ni upana unaofuata ukurasa. Jedwali zima hupewa sehemu ya mia ya nafasi iliyopo, kwa mfano asilimia 100, na safu hugawana kwa uwiano. Karatasi ikilazwa, nafasi yenye milimita 160 huwa 297 − 50, yaani milimita 247, na kila safu hukua kwa uwiano huo: safu ya milimita 10 huwa ya milimita 15.4. Njia hii hufaa jedwali litakalohamishwa kutoka karatasi ya aina moja kwenda nyingine.

Tofauti hizi zimo hata katika namna faili linavyohifadhiwa. Katika muundo wa faili za Word, uliokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2008, upana huandikwa ama kwa sehemu za ishirini za pointi, ama kwa sehemu za hamsini za asilimia, ama huachwa uamuliwe na programu. Sentimita moja ni sehemu 567 hivi za aina ya kwanza; asilimia 100 ni sehemu 5,000 za aina ya pili. Mtumiaji anayechagua kati ya sentimita na asilimia hachagui kipimo tu, bali anachagua kama jedwali lake litashikilia urefu wake au litafuata ukurasa.

Jinsi mashine inavyogawa nafasi

Kanuni moja ya kugawa upana kwa kufuata yaliyomo ilichapishwa wazi mwaka 1996, kwa ajili ya majedwali ya kurasa za intaneti. Programu za uandishi hazilazimiki kuifuata kwa ukamilifu, lakini yafaa kuijua kwa sababu inaonyesha wazo lenyewe.

Kila safu hupimwa mara mbili. Kipimo cha chini ni upana wa neno refu lisiloweza kukatwa. Kipimo cha juu ni upana ambao safu ingehitaji kama hakuna mstari wowote uliokunjwa. Kila safu hupewa kwanza kipimo chake cha chini. Nafasi inayobaki hugawanywa kwa uwiano wa tofauti kati ya kipimo cha juu na cha chini cha kila safu.

Mfano: nafasi iliyopo ni milimita 120, na safu ni tatu.

Safu A: chini 20, juu 40, tofauti 20
Safu B: chini 25, juu 145, tofauti 120
Safu C: chini 15, juu 15, tofauti 0

Jumla ya vipimo vya chini ni 60. Kwa hiyo zimebaki milimita 60 za kugawa. Jumla ya tofauti ni 140. Basi:

Safu A: 20 + (20 × 60 ÷ 140) = 28.6
Safu B: 25 + (120 × 60 ÷ 140) = 76.4
Safu C: 15 + 0 = 15.0

Jumla ni 120 kamili. Safu C, yenye namba fupi, haikupewa ziada kwa kuwa haina haja nayo. Safu B, yenye maelezo marefu, imepata sehemu kubwa. Hii ni haki ya mahitaji, kinyume cha mgawanyo sawa uliotajwa hapo awali.

Namna ya kutoa amri

Katika Word, mtumiaji huweka kishale ndani ya jedwali, hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, na kuchagua sifa za jedwali. Hapo hukuta sehemu za jedwali zima, mstari, safu na kisanduku. Upana wa safu huandikwa katika sehemu ya safu. Katika sehemu ya jedwali zima kuna kitufe cha chaguo zaidi; humo ndimo inamobadilishwa nafasi tupu ya pembeni, na humo ndimo programu inamokatazwa au kuruhusiwa kubadili upana kufuata yaliyomo. Katika sehemu ya mstari, kimo kichaguliwe kuwa "angalau", wala si "kamili".

Anayetumia kipanya na akumbuke kwamba kuvuta mstari ulio kati ya safu mbili huipunguza moja na kuiongeza jirani yake, na jedwali hubaki na upana uleule. Akibonyeza kitufe cha Shift huku akivuta, safu za kulia hazibadiliki, bali jedwali zima hurefuka au kufupika. Akibonyeza Alt, vipimo huonekana katika rula.

Katika LibreOffice Writer, jedwali jipya hujaza nafasi yote kati ya pambizo, na mahali pa kuandika upana pamefungwa. Lazima kwanza mpangilio wa jedwali ubadilishwe kutoka "otomatiki" kuwa, kwa mfano, "kushoto", ndipo upana uweze kuandikwa kwa sentimita au kwa asilimia. Programu hii haina malipo, nayo ilitokana na OpenOffice mwaka 2010. OpenOffice yenyewe iliwahi kutafsiriwa kwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice.

Tahadhari tatu

Kwanza, jedwali lililonakiliwa kutoka programu ya hesabu huja na upana wake wa awali, na mara nyingi huvuka ukingo wa karatasi. Safu zilizovuka hazionekani katika sura ya ukurasa, na mtu aweza kudhani zimepotea. Hazikupotea. Amri ya kulifanya jedwali lifuate upana wa ukurasa huzirudisha.

Pili, faili likifunguliwa katika kompyuta isiyo na aina ileile ya herufi, herufi nyingine hutumika badala yake. Tarakimu tatu za Arial kwa pointi 12 zinahitaji milimita 7.06, pamoja na pande mbili ni 10.87. Safu ya milimita 11 inatosha kwa shida. Busara ni kuacha milimita moja ya akiba katika kila safu ya namba, au kutuma faili la PDF, ambalo hushikilia mpangilio wake.

Tatu, jedwali lisihukumiwe kwa skrini peke yake. Kabla ya kuchapa nakala nyingi, ichapwe nakala moja, na mtu mwingine asiyeliandika jedwali asome safu ya namba moja baada ya nyingine akilinganisha na daftari la asili.

Jaribio la darasani

Kompyuta moja yatosha darasa zima. Litengenezwe jedwali la safu mbili, kwa Times New Roman ya pointi 12, na upana usiobadilika. Iandikwe 100 katika safu ya kwanza. Upana wa safu upunguzwe kwa hatua za milimita 0.5 kuanzia milimita 13, na wanafunzi waandike kipimo ambacho namba inakatika. Jaribio lirudiwe kwa pointi 11 na pointi 14. Matokeo yalinganishwe na hesabu.

Maswali

1. Karatasi ya A4 imewekewa pambizo za milimita 20 kila upande. Nafasi ya jedwali ni milimita ngapi?

2. Katika Times New Roman ya pointi 12, mkato una upana wa pointi 3. Safu itakayobeba namba 1,000 pamoja na nafasi tupu ya kawaida ya Word inahitaji milimita ngapi?

3. Nafasi ni milimita 150. Vipimo vya chini vya safu tatu ni 10, 30 na 20. Vya juu ni 10, 90 na 120. Gawanya nafasi kwa kanuni iliyoelezwa.

Majibu: (1) 170. (2) Pointi 37.8, yaani milimita 13.3. (3) 10; 63.75, 76.25.